Mkono Usiohisi Moto

Tangu kiharusi kimwangushe shambani, Bibi Getruda hakuogopa kufa. Aliogopa mkono wake wa kushoto. Ulikuwa umeanza kushika vitu, lakini haukuhisi kitu. Juzi uliegemea sufuria ya uji mpaka ngozi ikababuka, naye alishtushwa na harufu, si maumivu. Akalificha jeraha ndani ya kanga. Marieta, mke wa mwanawe, akijua, hatamruhusu tena kumgusa mjukuu, Yonas.

Ndipo akaja Judica, mtaalamu wa hospitali anayewasaidia wagonjwa kurudia kazi zao za nyumbani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Judica akatoa fomu. Anaweza kuvaa? Kula? Kwenda chooni mwenyewe? Getruda akaitikia ndiyo kila swali, na alama zikapanda.

"Basi amepona," Marieta akafurahi. "Kesho nakwenda gulioni. Mama atabaki na mtoto, amwogeshe."

Getruda akauvuta mkono wa kushoto ndani zaidi ya kanga.

Judica alimwona. Akaiweka fomu kando, akachota maharage kumi kwenye ungo. "Haya maswali ni ya hospitali, si yako, bibi. Niambie wewe, ni kazi gani unayoithamini kuliko zote?"

"Kumwogesha Yonas."

"Kumi ni kuiweza kabisa. Katika maharage haya kumi, unaiweza kwa mangapi?"

Getruda akasogeza mawili.

"Mawili tu?" Marieta akashangaa. "Kwa nini, mama?"

Getruda akaifungua kanga. Kidonda kilikuwa kibichi, chekundu. "Maji yakiwa ya moto sitajua," Getruda alisema. "Nitamchoma mtoto wako huku namwimbia."

Marieta alimnyakua Yonas, akamkumbatia kifuani. Getruda akainamisha kichwa. Alilolihofia ndilo hilo.

Lakini Marieta hakuondoka. Alikaa chini, akaushika ule mkono. "Umeumia nami nipo humu humu ndani, mama?"

Judica akaomba beseni. Maji ya baridi yakatangulia, ya moto yakafuata, na Getruda akafundishwa kuyapima kwa kiwiko cha kulia. Judica akaagiza mtoto akae ndani ya beseni, asishikwe kwa mkono wa kushoto, na Marieta awe karibu siku zote.

Safari ya gulioni iliahirishwa. Asubuhi Getruda alichovya kiwiko mara moja, akachovya tena. Akamgeukia Marieta.

"Pima na wewe, mwanangu," akamwomba.