Maji Mdomoni

Kila asubuhi mkalimani wa kiwanda cha viatu aliifuta meza yake kwa kitambaa kibichi, akaketi kumsubiri tajiri aanze kusema. Tajiri alisema Kiitaliano, wageni wake walijua Kiingereza tu, na hapo katikati ndipo mkalimani alipopatia riziki.

Kazi ilikuwa na kero moja. Nahau ikitafsiriwa neno kwa neno, hutokea kweli. Wakati mkalimani bado mgeni kazini, tajiri alilalamika kwamba ngozi inagharimu jicho la kichwa. Mkalimani akaisema hivyo hivyo, na jicho la kushoto la mtunza ghala likakutwa kwenye droo ya mihuri. Akajisahihisha, "Yaani ni ghali mno," jicho likarudi mahali pake. Mtunza ghala aliomba ruhusa akapumzike, akanyimwa. Tangu hapo mkalimani alitafuta Kiingereza ambacho Mwingereza mwenyewe angekisema huku anakunywa chai.

Siku ya kuja mkaguzi wa usalama kazini, mdogo wake mkalimani alimngoja dada yake mlangoni. Alikuwa fundi wa mashine ya kukata ngozi, mpaka tajiri alipoamuru kinga ya kisu ing'olewe ili kazi iende mbio. Mkono wake wa kulia sasa ulikuwa na vidole viwili.

"Dada, leo usimpake mkaguzi mafuta kwa mgongo wa chupa. Atakalosema tajiri, liseme lilivyo."

"Nitalisema lilivyo."

Wafanyakazi wakakusanywa ukumbini. Tajiri akawatazama, akatamka nahau fupi ya Kiitaliano ambayo wote walishaizoea, maana yake: fyateni ndimi.

"Amesemaje?" mkaguzi akauliza.

Kiingereza chake safi mkalimani alikijua: anawaonya wasikuambie kitu. Alijua pia kwamba akikisema, kazi hana. Aliogopa. Akaikumbuka ahadi yake, akaona inaweza kumsitiri.

"Maji mdomoni," akasema, neno kwa neno.

Vinywa vyote vikajaa maji, cha tajiri kikiwamo, isipokuwa cha mkaguzi. Aliyetema, kilijaa tena. Mkalimani alitaka kujisahihisha, lakini kilichotoka kilikuwa maji, yakamchuruzika kidevuni pamoja na machozi.

Mkaguzi akauliza kama mashine zina kinga. Wakamtazama, mashavu yamewatuna. Akauliza kama kuna aliyeumia. Msafishaji, naye mashavu tele, akapita na dekio. Mkaguzi akaandika kwamba hakuna mwenye malalamiko, ila sakafu inateleza.

Mdogo wake mkalimani akajitokeza mbele, akamnyooshea mkono wa kulia.

Mkaguzi akaushika, akautikisa, akaaga.