Sindano Mbili za Asubuhi

Blandine aliikunja ngozi ya paka katikati ya mabega, akaiinua kidogo kama anavyoinua kitambaa ili kujua uzito wake, akaingiza sindano. Paka hakushtuka. Alikuwa amewanusa samaki kwenye sahani, akalamba mara mbili, kisha akaketi kuutazama ukuta. Siku nyingine angekwisha kumaliza na kuanza kulia aongezwe.

Sheria Blandine aliijua. Mukendi, daktari wa wanyama, aliieleza taratibu tangu siku ya kwanza: ale kwanza, ndipo achomwe, asipokula, asichomwe. Lakini ilikuwa imefika saa kumi na mbili na robo, na pale barazani palikuwa na gauni nne za komunyo ya kwanza. Mteja wake, Alphonsine, alikuwa amesema angezifuata saa moja kamili. Gauni moja ilikuwa haijapigwa pindo. Atakula baadaye, Blandine alijiambia, akasimama kwenda kuweka alama.

Nyuma ya mlango wa jikoni kulikuwa na mistari ya chaki, safu mbili, ya asubuhi na ya jioni. Kila aliyemchoma paka alichora mstari, ili mwenzake ajue. Asubuhi hiyo mstari haukuwapo, na ndiyo sababu Blandine alikuwa amechukua bomba la sindano. Akapapasa juu ya dirisha, mahali pa chaki, asiione. Kisha akakumbuka: jana usiku aliichukua kuchora mikato ya gauni, ikabaki katika mfuko wa aproni yake. Akaitoa, akachora mstari wake, akaenda kwenye cherehani.

Nyumba hiyo ya mtaa wa Kikula baba yao aliijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, kila aliporudi kutoka zamu kiwandani. Sasa walibaki mle wawili tu, Blandine na dada yake mkubwa, Claire, ambaye alifanya usafi katika shule moja ya mjini. Walilala vyumba vilivyopakana, wakapikia babula moja, jiko la makaa. Lakini ilikuwa miezi minane tangu mmoja aseme na mwenzake. Claire alipotaka chumvi aliifuata mwenyewe. Blandine alipopata wageni aliwahudumia kana kwamba anaishi peke yake. Majirani walizoea.

Paka alikuwa wa mama yao. Yeye ndiye aliyempa jina Shefu, kwa sababu tangu akiwa mdogo alipita akikagua vyungu vyote kama msimamizi wa zamu. Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka kumi na moja, na mabinti zake walijifunza kila kitu: kutoboa kidole, kusoma kile kimashine kidogo, kuvuta dawa bila kuingiza hewa, kuihifadhi chupa katika chungu chenye mchanga uliolowa kwa sababu umeme ulikuja na kuondoka upendavyo. Mama alipofariki, walidhani hayo yote yamekwisha. Miezi miwili baada ya maziko, Shefu akaanza kunywa maji kuliko kawaida, kukojoa kila mahali na kukonda huku akila sana. Kila mmoja aliziona zile dalili, na kila mmoja alizitambua. Blandine alimpeleka kwa Mukendi. Naye akachukua tone la damu sikioni, akasema ndiyo, ni sukari, na kwamba watu wengi wangemwacha tu afe.

Hawakumwacha. Hakuna aliyemwuliza mwenzake. Blandine alirudi na dawa, akaiweka katika kile chungu cha mchanga. Kesho yake akakuta Claire ameshatenga sahani ya paka peke yake, isiyokaribiwa na bukari, yaani ugali, kwa sababu Shefu alizoea kula bukari na mchuzi kama watu. Tangu hapo samaki wa ziwa Tshangalele wakawa wa paka kwanza, masalio yakawa yao. Claire aliyaanzisha yale mambo ya chaki. Alichora mstari wa kwanza siku moja, akaiacha chaki juu ya dirisha, na Blandine akaelewa. Ilikuwa lugha yao yote.

Saa tatu Alphonsine alikuwa bado ameketi barazani, akipepea mkono kufukuza nzi na kuulizia ile gauni ya nne. Blandine alikanyaga cherehani. Alikuwa amefika nusu ya pindo aliposikia kitu kikianguka jikoni. Aliendelea kushona kama mara tatu nne za mguu, kisha akasimamisha gurudumu kwa kiganja.

Shefu alikuwa amelala ubavu karibu na babula. Alijaribu kusimama, miguu ya nyuma ikaenda upande wake, akaanguka tena. Manyoya ya kichwani yalitetemeka. Macho yalikuwa wazi, makubwa, meusi, na hayakumtazama mtu. Blandine aliyajua macho hayo. Aliwahi kuyaona mahali pengine, juu ya mto uliolowa jasho.

Kutoka barazani Alphonsine alisema, kwa sauti ya upole tu:

"Mama Blandine, ile pindo iko nabakia kidogo."

Blandine alitia sukari katika kikombe, akakoroga na maji kidogo, akachovya kidole, akakisugua kwenye fizi za paka, tena na tena, huku akihesabu kichwani. Sindano moja, chakula kidogo: paka angelegea, lakini si hivi. Si kwa haraka hivi. Akautazama mlango, mstari wake mmoja mweupe, akaushika mfuko wa aproni, ilimokuwa chaki usiku kucha, akachukua simu.

Namba ya Claire ilikuwa bado katika simu yake. Iliita mara nyingi. Hatimaye sauti ya dada yake ikasema alo, kama anavyosema mtu asiyejua anayepiga.

"Yaya," Blandine alisema, kama alivyozoea kumwita dada yake. "Leo asubui ulimupika Shefu sindano?"

Nyuma ya Claire ilisikika ndoo ikisukumwa sakafuni.

"Saa kumi na moja na nusu," Claire alisema. "Batu ba masomo baliniita mapema, kuko mukutano. Nilitafuta kre ya mulango, sikuiona. Nikasema utaona sahani."

Sahani Blandine aliiona. Aliiona ina mafuta ya samaki, akadhani ni ya jana.

"Na miye nilimupika," alisema.

"Niko nakuya," Claire akasema, simu ikakatika.

Blandine alimfunga Shefu katika kipande cha satini nyeupe, kitambaa cha kwanza alichokigusa, akamweka katika kikapu. Alipopita barazani Alphonsine aliinuka akimtazama, akaitazama gauni iliyoning'inia kwenye cherehani na uzi wake. Mwanawe angeivaa Jumapili. Blandine alimwambia airudie kesho, na kama hataki, amtafute fundi mwingine. Hakuwahi kumwambia mteja maneno hayo. Akasimamisha pikipiki barabarani, akapanda na kikapu mapajani, na njia nzima, kila lori la madini lilipowafunika kwa vumbi, aliinama juu ya paka na kumpaka sukari mdomoni.

Mukendi hakumuuliza maswali mengi. Alinyoa mguu wa mbele, akautafuta mshipa, akatundika chupa ya maji ya sukari kwenye msumari. Shefu alipatwa na degedege mara moja, mwili wote ukajipinda kama nguo inayokamuliwa, kisha akatulia. Blandine alishika ule mguu ulionyolewa. Ulikuwa mwembamba kama penseli.

Hapo ndipo Claire alipoingia, bado amevaa blauzi ya bluu ya kazi, mikono inanuka sabuni. Alisimama upande wa pili wa meza, akaweka kidole chake katikati ya masikio ya paka, akakiacha pale.

Walisimama hivyo karibu saa nzima. Kisha Shefu akainua kichwa. Akalamba pua. Mukendi alipitisha mkono mbele ya macho yake, mara moja, mara mbili, na macho hayakuufuata. Aliwaeleza kwamba hiyo hutokea sukari inaposhuka sana: huenda kuona kukarudi baada ya siku chache, huenda kusirudi. Leo asichomwe tena. Kesho wapime kwanza. Akasita, akiwatazama mmoja baada ya mwingine, akasema jambo moja kwa upole, kwamba paka wa sukari anahitaji watu wanaosemezana.

Waliondoka kwa miguu. Claire alibeba kikapu. Jua lilikuwa kali, na katika njia ya kushukia relini hakukuwa na watu wengi. Blandine alitembea hatua moja nyuma yake, akiutazama mgongo wa dada yake, mshono wa blauzi ulioachia begani ambao kwa miezi minane aliuona na hakuushona.

Miezi minane. Siku ile Claire alikuwa ameenda Mulungwishi, kwenye harusi ya mtoto wa rafiki yake, na mama alibaki na Blandine. Asubuhi Blandine alimchoma mama sindano. Uji ulikuwa juu ya babula, haujaiva. Barazani kulikuwa na nguo ya bibi harusi mwingine, na wenyewe wameketi wakiingoja. Alimwambia mama dakika kumi tu. Pindo la nguo ya harusi ni refu, linazunguka, linazunguka. Aliporudi chumbani mto ulikuwa umelowa, na mama alimtazama bila kumwona. Alifia hospitali kabla ya adhuhuri. Walisema ni moyo, na umri. Hakuna aliyeuliza alikula saa ngapi.

Jioni yake Claire alirudi mbio kutoka Mulungwishi, na kabla hajafungua kinywa kuuliza chochote, Blandine alimwambia, mbele ya watu wote wa matanga, kwamba kama angebaki nyumbani mama angekuwa mzima. Claire alikaa chini pale pale mlangoni. Hakusema neno siku hiyo, wala kesho yake, na Blandine akaacha iwe hivyo, maana dada asiyesema ni dada asiyeuliza.

Sasa alisema, kwa mgongo ule:

"Yaya. Mama hakufwa juu ulienda Mulungwishi."

Claire aliendelea kutembea, lakini polepole.

"Nilimupika sindano mbele ya kumupa uji. Nilimwacha. Nilikuwa nashona."

Walifika karibu na reli. Claire alisimama. Hakugeuka. Ndani ya kikapu Shefu alilia kidogo, kilio cha njaa, kile kile cha kila siku.

"Ulikuwa unashona nini?" Claire aliuliza.

"Nguo ya harusi."

Claire alitikisa kichwa, kama mtu anayepokea habari za mbali. Blandine alingoja atukane, alie, aangushe kikapu. Kutoka upande wa viwanda ilisikika honi ya treni. Claire alikipandisha kikapu kifuani, akavuka reli kwa hatua zake zile zile, na Blandine alipofika ukingoni treni ilikuwa imekaribia mno.

Ikapita taratibu, behewa baada ya behewa, mabehewa ya madini yaliyojaa hadi juu, chuma kikilia juu ya chuma, ardhi ikitikisika chini ya viatu vyake. Vumbi jekundu lilimwingia machoni, hakuyafumba. Kila behewa lilipomalizika palikuwa na nafasi ndogo kabla ya linalofuata, na katika nafasi hizo aliutafuta ng'ambo upindo wa blauzi ya bluu, au miguu, au ukingo wa kikapu. Mara akaona kitu cha bluu, kimesimama au kinatembea, hakujua. Behewa jingine likapita, na jingine, na mkia wa treni ulikuwa bado haujaonekana.