Sabuni ya Wiki Tano

Nilimwona kwa macho yangu haya mawili yule binti akiilamba sabuni. Lo! Aliilamba, wallahi, ulimi nje mpaka kidevuni, kafumba macho kama anayekula halua ya pistachio. Sabuni yetu, ya kusugulia makwapa na nyayo! Na aliyeshika simu kumrekodi ni Ramez, mtoto wa marehemu kaka yangu, mwenye karakana hii ya sabuni mjini Halabu, Syria, tangu baba yake afariki.

"Tena, Lujain, tena! Safari hii ilambe polepole."

"Ramez," nikamwambia, "huyu ana akili timamu, au tumwite mamake?"

"Ami, huyu ana wafuasi milioni mbili. Wewe unao wangapi?"

Mimi sina wafuasi. Nina nyundo, na mhuri wa baba yangu, na miaka arobaini na sita ya kuupiga. Sisi tunapika sabuni wakati wa baridi, mafuta ya zeituni na ya ghari, ule mti wa majani ya kunukia, tunaimwaga sakafuni, tunaikata, naigonga mhuri ingali laini. Halafu inapandishwa darini, inapangwa minara yenye matundu ya kupitisha upepo, inakaa miezi tisa. Inaingia kijani, inatoka na rangi ya ganda la mkate, kijani kimebaki moyoni tu. Kabla ya hapo inauma ngozi. Ufunguo wa dari nakaa nao mimi, na haubomolewi mnara mpaka nikate kipande niuone moyo wake.

Lujain hakuipenda ile iliyoiva. Aliishika kwa vidole viwili.

"Yek! Hii kwenye simu inaonekana jibini lililosahauliwa. Watu wangu wanataka kijani, ami yangu. Kijani ndiyo asili."

Asili! Mtu ana kucha ndefu kama vijiko, ananifundisha mimi asili.

Jioni ile Ramez akanijia na ulimi wa asali. "Ami, nipe ufunguo. Minara miwili tu."

"Ina wiki tano, we mtoto!"

"Nani atajua?"

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Babu yako hakupiga kelele hata siku moja."

"Siku hizi kizuri kisipojitembeza kinaozea darini, ami. Unataka tufunge mlango?"

Nikakataa. Ningeishia hapo ningekuwa mtu.

Lakini siku ya pili Lujain akanirekodi mimi. Nimeinama na nyundo, tak, tak, tak, na muziki wa udi kauweka juu yangu. Akaniita Babu Mhuri. Ramez akanionyesha mioyo iliyomiminika, na maneno: Mungu amhifadhi mzee huyu, mikono ya baraka hii, nimelia. Nikasema upuuzi. Kisha nikajifungia chooni, mke wangu asinione, nikaitazama ile video. Nikaitazama mara tisa, mzee mzima na mvi zangu! Nikikumbuka nataka kujitemea mate. Wiki haikwisha nikampa Ramez ufunguo, tena kwa tabasamu.

Sabuni ikaondoka mbichi, imefungwa karatasi ya dhahabu, na mhuri wa baba yangu juu yake.

Baada ya mwezi akapiga simu Hazar, binti yangu anayeishi Mersin, kule Uturuki. Alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, na siku ya arobaini ilikuwa imepita juzi, siku ambayo kwetu mama na mtoto huogeshwa kwa sabuni ya nyumbani.

"Arobaini imekwendaje, mwanangu?"

Nikamsikia mtoto analia, kilio kile cha kukwaruza koo.

"Baba, ngozi yake imewaka. Mgongoni inabambuka. Daktari kasema ni sabuni."

"Sabuni gani uliyomwogeshea? Ya dukani?"

"Yako, baba."

Nikaketi chini.

"Nilikuona kwenye simu na nyundo yako," akasema. "Nililia, nikaagiza siku ileile. Ilipofika nikaona nje bado ni kijani. Mama mkwe akasema hii haijaiva. Nikamjibu, baba ndiye mwenye ufunguo, baba hatoi kitu kibichi."

Mchuma janga hula na wa kwao. Nilimwomba radhi, maneno yakaniganda mdomoni kama mafuta baridi.

Nikaenda kwa Ramez. Unafikiri alishtuka? Alikuna kichwa.

"Maskini, pole yake. Lakini ami, hebu sikia. Lujain anasema tukirekodi video ya kuomba radhi, wewe unalia kidogo, hizo zinatazamwa kuliko zote."

"Mtoto wa dada yako anabambuka ngozi, nawe unapanga nilie upande gani?"

"Basi usikasirike. Mbona mwenyewe Hazar ametusifu?"

Akanipa simu. Ilikuwa kweli, jina lake, chini ya video yangu: *Sabuni ya baba yangu. Nimemwogeshea mwanangu arobaini yake, ngozi yake hariri tupu. Nunueni bila wasiwasi.* Ameandika hivyo nisiaibike. Mwanangu amesema uongo juu ya ngozi ya mwanawe ili kunisitiri, na chini yake wanawake kadhaa wameuliza: inafaa kwa mtoto mchanga?

Nikaandika kwa kidole changu hiki kinene, herufi moja moja: *Mimi ndiye baba yake. Haifai. Msinunue.* Sikuwa nimemaliza kushusha pumzi, Ramez akapitisha kidole chake, yakafutika.

"Ulibonyeza vibaya, ami," akasema Ramez.

"Na ufunguo niliokupa uko wapi?"

Ulikuwa ukining'inia mlangoni. Nikauchomoa, nikapanda darini, nikajifungia ndani na minara yote. Mhuri nimeufunga kwenye kilemba. Miezi tisa, na anayeitaka sabuni kabla ya hapo avunje mlango.

Sasa hivi Ramez yuko nje anagonga. "Ami, fungua! Ami, tutaelewana!" Na Lujain yuko naye, namsikia vizuri kupitia kwenye mbao.

"Endelea kugonga, mpenzi, usiache," anamwambia. "Hii nayo watu wataipenda."