Jina Lililokuwa Bafuni kwa Zena

Zena Khatibu aliapa kwamba mwaka 2015 hautaisha jina la yule mwanamke likiwa bado bafuni mwake. Akamwita Sylvesta, fundi rangi, Mha wa pale pale Kasulu, akamkabidhi kopo la rangi nyeupe ya mafuta.

"Hiyo marumaru ya juu ya pipa ipige msasa mpaka iombe msamaha," alimwambia. "Ina jina la mtu. Silitaki."

Miaka mitatu alikuwa anaoga huku akitazamana na jina hilo: Ndindira. Herufi zilichimbwa kwa kisu cha kukatia marumaru, na aliyezichimba ni Dadi, fundi Mrundi wa kambi ya wakimbizi ya Mtabila, aliyeujenga ukuta ule kwa marumaru kuukuu za gesti iliyobomolewa. Zena alikuwa mjane, mtu wa Tanga, mwenye duka la vitenge. Majirani walinong'ona kwamba bafu moja halimchukui fundi miezi miwili, na hawakukosea. Walipendana. Mwishoni mwa 2012 kambi ikafungwa, Warundi wakapakiwa kwenye malori kurudishwa kwao, na Dadi akaondoka Zena akiwa dukani. Jioni alipoingia kuoga ndipo akaliona lile jina.

Angefikiri nini kingine? Mjini walijaa Warundi akina Ndikumana na Ndayisaba; huyu Ndindira naye bila shaka ni mke aliyefichwa. Na angemwuliza nani? Bafu si ubao wa matangazo. Akameza uchungu wake. Mwaka uliofuata utingo mmoja akaleta salamu kutoka Burundi: Dadi anauliza, una neno gani kwake? Zena akacheka kwa kejeli pale mlangoni mwa duka.

"Mwambie neno moja tu. Ndindira. Ataelewa mwenyewe."

Salamu hazikuja tena, naye akajiona amemkomoa.

Wiki iliyopita alipeleka vitenge Kibondo, karibu na kambi ya Nduta iliyofunguliwa upya, akakutana na Immakulata, dada yake Dadi, waliyejuana naye tangu enzi za Mtabila. Immakulata alimshika mikono akalia. Dadi alikufa mwezi wa saba. Ndugu wote walipokimbia machafuko ya Burundi, yeye alikataa kuvuka mpaka.

"Alisema kuna mwanamke kamwambia amngoje," Immakulata alieleza. "Hakutaka kumtaja. Wenye bunduki wakamkuta nyumbani, peke yake."

Zena alirudi Kasulu akiwa na hasira zaidi kuliko majonzi. Hata kufa, amemfia Ndindira! Kesho yake akanunua rangi.

Sasa Sylvesta alikuwa amekwisha kusugua ukuta. Alifuta vumbi, akachota puti kuziba zile herufi, na alipofika katikati akatabasamu.

"Mama, hili si jina."

"Ni nini basi?"

"Ni neno. Kirundi na Kiha ni ndugu, hata sisi tunasema ndindila. Ningoje. Aliyeandika alikuwa anakuomba umngoje."

Zena alishika ukingo wa pipa. Alijisikia tena akicheka pale mlangoni, akimtuma utingo na neno lile lile. Dadi alimwomba amngoje. Yeye akamjibu, ningoje wewe. Na Dadi, mtu wa kushika neno, alikaa akimngoja yeye. Si mwanamke mwingine. Aibu na uchungu vilimpanda kwa pamoja, akashindwa hata kulia.

"Nipake au nisipake?" Sylvesta aliuliza, brashi mkononi.

Zena alisogea ukutani, akaanza kuichokonoa puti mbichi kwa ukucha, herufi moja baada ya nyingine, mpaka kidole kikatoka damu.

"Fundi," alisema bila kugeuka, "mtu akiambiwa neno hili, anajibu nini?"

Sylvesta aliweka brashi chini. "Hajibu kitu, mama. Anakaa tu, anangoja."