Majani ya Bibi Hayachemshwi

Mara tatu mtafiti alidondosha dawa ya vidonda ya majani ya bibi yake kwenye mayai yenye vifaranga vichanga, akachungulia kupitia tundu la ganda. Mara tatu hapakuota mshipa mpya wa damu hata mmoja, ile ishara ya dawa inayoponya.

"Bibi yako alikupiga changa la macho," mwenzake wa maabara akamtania.

Mtafiti akachukia. Akalipapasa kovu la gotini, la kidonda ambacho bibi alimtibu utotoni, akamkumbuka marehemu huyo akiyafikicha majani mabichi viganjani huku akifoka, "Nani kakwambia yachemshwe? Unataka kuyaua?"

Naye alikuwa ameyachemsha yote!

Safari hii aliyatwanga mabichi. Siku ya tatu, mishipa myekundu ilikuwa imetapakaa yai zima.

"Shikamoo, bibi," akaliambia yai, akabaki ameinama palepale, akisubiri kufokewa.