Bata Bukini Aliyegoma Kufutika

Kovu lililo kwenye muundi wangu wa kushoto nililipata kwa chui. Ndivyo nilivyowasimulia wajukuu, majirani na shemeji yangu kwa miaka sita, na kila mwaka chui alizidi kurefuka. Ushahidi pekee wa kunipinga ulikuwa video ya dakika moja, aliyoipiga mke wangu, ndani ya kompyuta yake.

Alhamisi jioni, mama watoto akiwa anaoga, nikaifuta. Nilipobonyeza tu, diski ikalia tik, tik, tik, kioo kikaganda, kisha kikawa cheusi. Nikatoka chumbani kwa kunyata.

Sasa, mke wangu alikuwa mkunga, na kila mtoto aliyempokea alimpiga picha na mama yake. Watoto elfu mbili na mia moja, wote humo. Jumamosi saa nne baadhi yao, sasa watu wazima wenye ndevu na viatu virefu, walikuwa wanakuja nyumbani kujiona. Ijumaa asubuhi alipowasha kompyuta akakuta giza. Alikaa kitandani ameshika kiatu kimoja. Hapo nikaona heri chui wa kweli.

Shemeji, kaka yake, akashauri tutafute fundi. Nikasema fundi ni mimi. Akanikumbusha kwamba maisha yangu yote ya kazi niliendesha lifti.

"Injinia wa vifungo," akasema, "miaka thelathini unapanda, cheo hukupanda."

Nikamwacha. Mambo ya diski nilijifundisha mwenyewe baada ya kustaafu, kwa vitabu vya mitumba visivyo na majalada. Na sharti la kwanza ni kwamba mgonjwa hakimbizwi: ukikarabati diski yenyewe ikiwa mahututi, unaimaliza. Nikaichomoa, nikaiunganisha kwenye kompyuta yangu kwa kusomwa tu, nikaanza kuinakili kipande kwa kipande kwenye diski mpya. Penye ubovu programu iliruka, ikaendelea mbele, ikarudi baadaye kubembeleza. Mimi nami nikabembeleza. Ilipochemka niliipepea kwa mfuniko wa sufuria, nikaiahidi kustaafu kwa heshima. Jumamosi saa nne kasoro, wageni wameshajaa sebuleni, ikapiga tik ya mwisho na kukata roho, kipande cha mwisho kikiwa kimeshavuka. Ningesimama kupiga chafya, tungepoteza watoto arobaini.

Shemeji akauliza kilichobaki. Nikamweleza kwa madaha, ili na wageni wasikie. Diski ya namna hii ina daftari. Kabla ya kufanya jambo, huliandika kwanza humo, na likishaandikwa lote hutia sahihi. Mambo yakikatika ghafla, unalisoma daftari: jambo lenye sahihi linakamilishwa, lisilo na sahihi linatupwa, linahesabiwa halikutokea. Nilisema yote hayo kwa mdomo wangu, na masikio yangu hayakusikia kitu.

Nikabonyeza. Daftari likasomwa kwenye ile nakala: mambo kumi na saba yamekamilishwa, moja limetupwa. Sikujiuliza ni lipi.

Picha zikafumuka. Dereva wa lori mwenye kipara akajitambua kwa masikio yake. Wasichana wawili wakagundua walizaliwa usiku mmoja, kitanda kimoja, wakakumbatiana. Mke wangu akanikamata mkono, nami nikawa sigusi sakafu. Zikaja nyingine, na nyingine, mpaka picha zilipokwisha na kompyuta, kwa bidii yake, ikaendelea na video. Mimi huyo, nimejifunga taulo, nazunguka tangi la maji nikimwita mama yangu, bata bukini kaning'ang'ania muundi wa kushoto.

"Lakini hii nilishaifuta," nikasema.

Mke wangu akaniachia mkono.

"Lini, mume wangu?"

"Alhamisi."

"Alhamisi saa ngapi?"

"Ulipokuwa unaoga."

Niliona kope zake zikipiga hesabu. Shemeji alikuwa ameshateleza kitini, yuko chini, analipiga zulia makofi. Mke wangu akajaribu kununa. Akajaribu tena. Kicheko kikamtoka puani, kikamkunja katikati, na dereva wa lori akalazimika kumshikilia mkunga wake asianguke.

"Rudisha mwanzo," akaniamuru alipopata pumzi, "na usogeze kiti, chui anapita."

Tuliitazama mara tisa. Siku hiyohiyo, kwa amri yake, nikanakili kila kitu kwenye diski tatu: watoto elfu mbili na mia moja, na bata mmoja. Ambaye, ukimtazama kwa makini, si bata wa ukubwa wa kawaida.