Kompyuta Isiyo na Fundi

Kioo kilikuwa cheusi tii, na juu yake mstari mmoja mweupe ulioniambia kwamba hakuna mfumo wowote uliopatikana. Nilipiga meza kwa kiganja hadi kikombe cha Mama kikaruka.

"Usiipige," Mama alisema bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi. "Turudi pale tulipokosea."

"Tulikosea wapi?"

"Ningejua, ningekwambia."

Asubuhi nzima ilikwenda hivyo. Mimi mbele ya kompyuta, Mama ubavuni na maelekezo niliyoyachapisha dukani, miwani imemshuka hadi ncha ya pua. Yeye anasoma, mimi naandika amri, kompyuta inakataa. Mama alikuwa mkunga hadi alipostaafu, na hakujua kutoa maelekezo kwa sauti nyingine isipokuwa ile ya wodini. "Gawa diski. Taratibu. Usikimbilie. Haya, sasa bonyeza." Nikamwambia hapa hatuzalishi. Akanijibu kwamba kwa jinsi ninavyohema, haoni tofauti.

Siku nyingine ningecheka. Siku ile nilikuwa nimefura, kwa sababu nilijua fika nani atakuja nikishindwa.

Mtalaka wangu, watu wote humwita Fundi, na hata mimi nilimwita hivyo tulipokuwa tumeoana. Talaka ilikuwa imetoka, vyombo vimegawanywa, kabati lake limebebwa. Lakini kompyuta niliyofanyia kazi aliiunda yeye na kuijaza programu zake, na kila ilipogoma ilibidi nimpigie simu. Mimi hufasiri maelezo ya dawa, vile vikaratasi vilivyokunjwa ndani ya boksi ambavyo mgonjwa huvitupa bila kuvisoma. Bila kompyuta sina kazi. Basi Fundi alikuja, mpole, na mkoba wake, akavua viatu mahali pake palepale pa zamani na kukaa kwenye kiti changu. Programu ikijipakia, aliuliza nimekula nini, na lile pazia jipya nimelitoa wapi. Akishaondoka, nyumba ilikuwa yake tena, na mimi nilizunguka humo siku nzima kama mgeni. Hakuwahi kunitukana hata mara moja. Ningemfukuza kwa lipi?

Ndiyo maana niliamua kufuta kila kitu na kuweka mfumo huria, ule unaoandikwa na watu wengi na kugawiwa bure, tena kwa njia yake ngumu. Hakuna kitufe cha "endelea" cha kubofya. Unaujenga mwenyewe kipande kwa kipande, kwa amri unazoziandika moja moja. Nilitaka nijue kila kilichomo, ili siku kikiharibika nijue pa kushika.

Kompyuta ile imeshakufa siku nyingi, na nyingine zimekufa baada yake, lakini bado nakumbuka jinsi shingo ilivyoniuma. Kosa la asubuhi tuliligundua mchana: Mama aligeuza kurasa mbili kwa pamoja, tukakiruka kile kipande kinachouwasha mfumo. Aliniomba radhi. Nikamwambia si neno, kwa sauti iliyoonyesha kuwa ni neno kubwa, nikafuta diski na kuanza upya kabisa.

"Hapa wanasema," Mama alisoma, "uongeze na vitu vingine utakavyovihitaji mfumo ukishawaka."

"Ruka."

"Wamevitaja kabisa. Kuna hiki cha—"

"Mama, ruka. Sitaki kitu ambacho sikukiomba. Nimechoka kuwekewa vitu!"

Mama alinitazama juu ya miwani, kisha akaruka.

Safari hii iliwaka. Nilipiga kelele, nikamkumbatia Mama na karatasi zake. Furaha yenyewe haikufika mbali. Nilipojaribu kuingia mtandaoni, kukawa kimya. Nikajaribu tena, kimya. Ile flashi yenye faili za kuanzia, tuliyowashia kompyuta mwanzoni, ilikuwa na mtandao wake, lakini mfumo nilioujenga mimi ulikuwa na kile nilichouwekea tu, na chombo cha kuunganisha mtandao sikuuwekea. Kukipata, ilibidi nikipakue. Kukipakua, ilibidi niwe na mtandao.

Nililia. Sikuwa na huzuni, ilikuwa hasira tupu iliyokosa pa kutokea. Mama aliinuka akaenda jikoni, nikadhani anachemsha chai. Kumbe alikwenda kupiga simu.

"Nimeshindwa kukutazama unalia," alisema tulipoisikia hodi.

Fundi alivua viatu. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alisimama nyuma yangu, na hakuhitaji kutazama sana. "Hukuweka mtandao," alisema. "Si tatizo. Nipishe kidogo, sasa hivi tu namaliza."

Damu ilinichemka kwa sababu alikuwa amesema kweli, tena kwa upole. Nilikuwa hoi, mgongo unawaka, na kazi ya watu inasubiri. Magoti yangu yalishaanza kunyooka ili nimpishe. Nilipoona mkono wake umeshashika mgongo wa kiti, nikakaa tena.

"Nitafanya mwenyewe. Kaa pale."

Akakaa kwenye kochi. Nilirudisha flashi, nikawasha kutoka humo, nikaingia ndani ya mfumo wangu kwa mlango wa nyuma na kuuagizia kile chombo. Amri ya kwanza ilikataliwa. Fundi akafyonya.

"Si hivyo, hapo unge—"

"Acha."

Ya pili nayo ikakataliwa. Nilimsikia akipumua, nikamsikia akijizuia, na kujizuia kwake kuliniudhi zaidi. Ya tatu ikapita. Nikazima, nikawasha, nikajaribu mtandao, na mistari ya majibu ikaanza kushuka. Hakuna aliyeshangilia.

Mama alitafuta ukurasa kwa kidole. "Sasa unda akaunti yako ya kazi. Weka neno la siri."

Fundi aliinuka akaja tena nyuma ya kiti. "Weka lile letu la zamani," alisema, kama mtu anayekukumbusha kuchukua mwavuli. "Siku ikikwama nisipate shida ya kukuuliza."

Tangu talaka nilikuwa na hotuba nzima ya kumwambia, nimeifanyia mazoezi bafuni, na haikuja hata sentensi moja.

Mama aliweka karatasi mezani.

"Mwanangu," alimwambia Fundi, kwa ile sauti ya wodini. "Geuka."

"Mama?"

"Geukia ukutani kidogo."

Fundi alimtazama Mama, ambaye ndiye aliyempigia simu, kisha akanitazama mimi. Kisha akageuka.

Nikaandika. Kioo hakikuonyesha kitu, hata nukta, ndivyo mfumo ule ulivyo. Ukataka nirudie, nikarudia polepole, herufi kwa herufi. Nilipomaliza, Fundi alikuwa bado ameukabili ukuta, mikono mfukoni, na sikuwa na haraka ya kumwambia ageuke.